Msaada: kinga ya virusi imezimwa, naambiwa "inasimamiwa na msimamizi wako". Msimamizi ni mimi!

#1 MamaImani_Lanet (Jumatatu, saa 3:20 usiku)

Hamjambo wadau. Nina kompyuta ya mezani hapa nyumbani Lanet, Nakuru. Ni Windows 10, nilinunua mtumba mwezi wa pili mwaka jana. Ndani yake kuna hesabu za chama chetu, akina mama thelathini na wawili, michango na mikopo ya miaka minne. Pia kuna kazi za shule za mwanangu wa Gredi ya 8.

Tangu wiki jana ile ngao ndogo ya Windows Security iliyo chini kulia karibu na saa ina alama nyekundu. Nikiifungua naambiwa kinga ya virusi imezimwa. Nikibonyeza kitufe cha kuiwasha kinasogea kidogo, halafu kinarudi kilipokuwa. Juu yake kuna maandishi mekundu kwamba mpangilio huu unasimamiwa na msimamizi wako. Msimamizi yupi? Kompyuta nimeinunua kwa jasho langu na akaunti ni moja tu, yangu.

Kuna mengine. Nikiwasha, dirisha jeusi huchomoza na kutoweka kabla sijasoma hata neno moja. Feni inavuma hata nikiwa sijafungua kitu. Nikijaribu tovuti za kampuni za antivairasi, hakuna hata moja inayofunguka, ilhali gazeti na barua pepe zinafunguka vizuri.

Mwanangu amekiri kwamba likizo ya Desemba alipakua mchezo wa mpira wa kuvunjwa, yaani usiolipiwa. Nimemzuia kabisa kuigusa. Jumapili hii nasoma hesabu mbele ya chama, naomba mnisaidie kabla ya hapo.

#2 Mtoto_wa_Njoro (Jumatatu, saa 3:31 usiku)

Pole mama. Ni huo mchezo, usitafute mchawi mwingine. Fungua rejista ya Windows, lile daftari la mipangilio yake, andika regedit pale kwenye utafutaji, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender. Ukiona DisableAntiSpyware, yaani amri ya kuzima kinga, ifute, zima uwashe. Dakika mbili umemaliza.

#3 Fundi_Kondele (Jumatatu, saa 3:58 usiku)

@Mtoto_wa_Njoro hiyo dawa ilikuwa nzuri miaka ya nyuma. Tangu Agosti 2020 Microsoft waliamua Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, kwenye kompyuta za kawaida isisikilize tena DisableAntiSpyware, kwa sababu virusi vilikuwa vinaitumia kila siku. Akiikuta aifute, haina kazi nzuri pale, lakini asitegemee kwamba ndiyo iliyozima kinga.

Mama Imani, kabla ya kuhangaika na kitufe, fikiria hivi: aliyekizima bado yumo ndani. Ukikiwasha leo, kesho utakikuta kimezimwa. Hizo dalili zako tatu, dirisha jeusi, feni na tovuti kufungwa, ndizo zinazonisumbua mimi kuliko hiyo ngao.

Nijibu mambo mawili. Je, kompyuta ilikuja na antivairasi nyingine? Na ukifungua Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi, kwa Ctrl+Shift+Esc, feni inafanya nini?

Halafu leo usiku chomoa intaneti. Na usiingie benki, barua pepe wala eCitizen kwenye hiyo kompyuta mpaka tuelewane.

#4 MwalimuBungoma (Jumatatu, saa 4:10 usiku)

Salamu kutoka Bungoma. Ningependa tusiharakie kumhukumu mtoto. Tarakilishi ya idara yetu shuleni ilifanya vivyo hivyo na hapakuwa na kirusi chochote. Ilikuja na antivairasi ya majaribio ya siku thelathini. Windows ikiona umeweka antivairasi ya kampuni nyingine, Defender hujiondoa ili zisigombane. Siku thelathini zikaisha, mtu akaifuta ile ya majaribio nusunusu, jina lake likabaki kwenye Windows Security kama mlinzi wa zamu. Tukakaa muhula mzima bila kinga ya maana.

Dawa ilikuwa kutumia kifutio rasmi cha kampuni iliyoitengeneza hiyo antivairasi. Karibu kila kampuni ina chake. Baada ya kuzima na kuwasha, Defender ilirudi yenyewe.

#5 Nyota_Kakamega (Jumanne, saa 1:05 asubuhi)

Mimi kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi, na neno lililonishika kwenye #1 ni "mtumba". Dada, kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mtumba hapa kwetu zilikuwa za makampuni ya ng'ambo. Kampuni huweka kanuni zake, kwamba mtumishi asiguse kinga ya virusi. Mashine ikiuzwa bila kusafishwa sawasawa, kanuni zinabaki na wewe unaambiwa kuna msimamizi. Wala si uongo, msimamizi alikuwepo.

Angalia hivi: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika dsregcmd /status, tazama mistari ya AzureAdJoined na DomainJoined. Kukiwa na YES popote, mashine bado ina mwenyewe. Na hapo hata ukifuta kila kitu na kuweka Windows upya, inaweza kukukaribisha kwa jina la kampuni hiyo, kwa sababu namba ya vifaa vyake iko kwenye daftari lao huko Microsoft. Nimeshaona kwa macho yangu: mteja amelipa, amefika nyumbani, kompyuta inamdai barua pepe ya kazi ya kampuni ambayo hajawahi kuisikia.

#6 MzeeWaSaiba_Mumias (Jumanne, saa 2:40 asubuhi)

Nyote mmesahau umeme. Nina saiba miaka kumi na moja. Stima ikikatika Windows ikiwa katikati ya kusasisha, faili zake zinaachwa nusu. Mwaka juzi mashine tatu kati ya nane zangu ziliamka bila Defender siku moja baada ya mvua kubwa. Hakukuwa na mchezo, kampuni wala kirusi.

Mama, endesha hizi kwenye dirisha la amri, moja baada ya nyingine, na uwe na subira:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inahitaji intaneti. Ya pili inakagua faili za Windows zenyewe na kurekebisha zilizoharibika. Mashine zangu mbili zilipona hapo hapo.

#7 Mtoto_wa_Njoro (Jumanne, saa 2:52 asubuhi)

Mzee wangu, kwako hata homa ni stima 😄 Umeme hauandiki "msimamizi wako" kwenye skrini.

#8 MzeeWaSaiba_Mumias (Jumanne, saa 3:15 asubuhi)

Kijana, njoo ukae Mumias wiki moja ya mvua halafu turudi kwenye mada. Na nitaongeza lingine: betri ya ubao mama, ile duara kama shilingi, CR2032. Ikifa, kila ukizima ukutani saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka. Tarehe ikiwa ya uongo, vyeti vya usalama vya mtandaoni vinakataliwa, masasisho hayaingii, tovuti hazifunguki. Mama Imani, saa yako iko sawa?

#9 Fundi_Kondele (Jumanne, saa 3:30 asubuhi)

Hilo la betri ni kweli kabisa, msimcheke mzee. Ila tarehe ikiwa mbaya hata gazeti na barua pepe zingekataa, na yeye anasema zinafunguka. Kinachofunga tovuti za antivairasi pekee kina macho.

#10 MamaImani_Lanet (Jumanne, saa 2:45 usiku)

Asanteni sana wote. Nimerudi kutoka kazini nikafanya mliyoniambia, nawaletea majibu.

Saa: huwa inachelewa stima ikikatika, halafu ikipata intaneti inajirekebisha. Leo iko sawa.

dsregcmd: AzureAdJoined NO, DomainJoined NO.

Antivairasi nyingine: sikuona yoyote kwenye orodha ya programu.

sfc ilimaliza ikasema haikuona faili iliyoharibika. DISM sikuendesha maana nimechomoa intaneti.

Rejista: DisableAntiSpyware ilikuwepo, nimeifuta, nikazima nikawasha. Hakuna kilichobadilika. Lakini mahali pale pale niliona folda inaitwa Exclusions, ndani yake Paths, na ndani kuna mstari mmoja tu: C:\

La feni limenitisha. Nikifungua Task Manager, inanyamaza. Nikiifunga, nahesabu moja hadi kumi hivi, inaanza kuvuma tena. Nimerudia mara tano, mara zote ni vivyo hivyo. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni akaniambia, "Mama, inajua tunaitazama."

#11 Fundi_Kondele (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Kijana wako ana akili. Inajua kweli. Hiyo ni programu inayochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako na kompyuta yako, pesa zinamwendea mtu mwingine. Nyingi zimetengenezwa zijifiche Task Manager ikifunguliwa. Token zako za stima hazijawa zikiisha haraka?

Na ule mstari wa C:\ maana yake ni hii: mtu ameiambia Defender isikague chochote kilicho ndani ya diski nzima. Hata ngao ingekuwa ya kijani, hakuna ambacho ingekamata. Kwa sababu umewekwa sehemu ya kanuni, yaani Policies, huwezi kuufuta kwenye ukurasa wa kawaida wa Windows Security, ndiyo maana unaambiwa habari za msimamizi. Kirusi kimejifanya ofisi.

#12 Nyota_Kakamega (Jumanne, saa 3:22 usiku)

Nakubali uchimbaji upo. Ila sikubali kwamba kanuni zote ni za kirusi. NO mbili za dsregcmd zinaonyesha kwamba mashine haijaunganishwa sasa. Hazionyeshi kwamba haikuwahi kuunganishwa. Kampuni ikiitoa mashine kwenye mtandao wake, baadhi ya kanuni hubaki zimeandikwa kwenye rejista. Inawezekana kabisa kinga ilikuwa imefungwa mikono tangu siku ya kwanza, kirusi kikakuta mlango uko wazi.

Dada Imani, kabla hujafuta kitu kingine kwenye rejista, bofya kulia folda hiyo, uihifadhi nakala. Ushahidi ukishafutwa tutabaki kubishana tu hapa.

#13 MwalimuBungoma (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Basi naondoa hoja yangu ya antivairasi ya majaribio kwa nusu. Nusu nyingine nabaki nayo: kwamba haionekani kwenye orodha ya programu si hoja, hata yetu haikuonekana. Ilionekana tu kwenye ukurasa wa "watoa kinga" ndani ya Windows Security.

#14 Fundi_Kondele (Jumanne, saa 4:02 usiku)

Sawa mwalimu, na siku hizi kuna ujanja mbaya zaidi: programu hujisajili kwa Windows kama antivairasi ya bandia. Windows inaamini zamu imeshikwa, Defender inaenda kulala. Kwa hiyo ukurasa huo auangalie.

Mama, kazi ya kesho ni hii. Tafuta kompyuta safi, ya kazini au ya rafiki unayemwamini. Pakua Microsoft Safety Scanner kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, usibofye tangazo. Ni ya bure, haihitaji kuwekwa, unaiendesha tu. Inakoma kufanya kazi siku 10 baada ya kuipakua, kwa hiyo usitumie ya rafiki aliyoiweka tangu mwaka jana. Iweke kwenye flashi. Kompyuta yako iwashe katika hali salama: shikilia Shift ukichagua kuwasha upya, kisha fuata menyu mpaka Safe Mode. Endesha ukaguzi kamili, uiache hata usiku kucha.

Flashi hiyo ikishaingia kwenye kompyuta yako usiichomeke kwingine mpaka tuisafishe.

Pia fungua faili ya hosts, iko C:\Windows\System32\drivers\etc. Ifungue kwa Notepad. Utuambie kuna nini chini ya mistari yenye alama ya #.

#15 DadaWaDunga (Jumatano, saa 12:50 asubuhi)

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye matatu. Mbona hakuna anayemwambia ukweli? Kompyuta iliyoingiliwa hivi haisafishwi, inafutwa yote na kuwekwa Windows mpya. Mnamchosha mama wa watu na rejista. Unaweza kuua unachokiona, na usichokiona kikabaki.

#16 MzeeWaSaiba_Mumias (Jumatano, saa 1:30 asubuhi)

Dada, Windows mpya ni zaidi ya GB 4 kupakua. Kwa bando la nani? Na vitabu vya chama viko humo humo. Asafishe kwanza.

#17 DadaWaDunga (Jumatano, saa 1:44 asubuhi)

Faili za Excel zinakopiwa, mzee. Hesabu si programu. Atoe .xlsx zake na picha, asikopi kitu chochote chenye .exe, basi. Fundi wa Kondele najua ana Windows kwenye flashi tayari.

#18 Fundi_Kondele (Jumatano, saa 2:05 asubuhi)

Ninayo, ndiyo. Na mimi moyoni niko upande wako, lakini kuna watu wameokoa mashine bila kufuta, na mama anahitaji hesabu zake Jumapili. Nakala kwanza, hilo hatubishani.

Nitawaambia kwa nini. Mwaka jana mwanafunzi wa Nyalenda aliniletea laptopu, tasnifu imefungwa, kila faili imeongezewa herufi nne mwishoni na kuna barua ya kudai dola. Ilikuwa ile jamii ya virusi ya Djvu, inayoingia na programu za kuvunjwa. Kampuni ya antivairasi ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha faili hizo mwaka 2019, lakini kinafaulu kwa matoleo ya zamani na kwa baadhi ya funguo tu. Chake hakikufunguka. Alikuwa na nakala ya miezi mitano nyuma kwenye barua pepe ya msimamizi wake wa tasnifu, hiyo tu. Alikaa kwenye kile kibanda changu akiandika kwa mkono vichwa vya sura alivyovikumbuka.

Na jamii hiyo huandika kwenye hosts pia. Ndiyo maana nimeiulizia.

#19 MwalimuBungoma (Jumatano, saa 7:15 mchana)

Imenikumbusha flashi ya karatasi za marudio za Kidato cha Nne. Nilichomeka saiba moja, niliporudi shuleni kila folda ikawa njia ya mkato, ukibofya inaleta kosa. Wenzangu walitaka kuifomati. Kijana mmoja wa maabara aliandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* na folda zote zikajitokeza, zilikuwa zimefichwa tu. F ni herufi ya flashi yenyewe. Baadaye alifuta njia za mkato na ile faili iliyozizaa. Tusikimbilie kufomati, nasema tu.

#20 Mtoto_wa_Njoro (Jumatano, saa 7:20 mchana)

Mwalimu usiseme saiba gani, mzee wa Mumias yuko hapa.

#21 MzeeWaSaiba_Mumias (Jumatano, saa 7:48 mchana)

Kwangu flashi inakaguliwa mlangoni kabla ya mteja kuketi. Uliza mtu yeyote.

#22 MamaImani_Lanet (Alhamisi, saa 12:40 asubuhi)

Poleni kwa kimya. Niliacha ukaguzi usiku kucha, nikaamka saa nane kuangalia, ukawa umefika katikati na umeandika faili zilizoambukizwa ni 14. Asubuhi umemaliza, unasema zimepatikana na kuondolewa 5. Zile tisa zimeenda wapi?

Kabla ya hapo nilikopi vitabu vya chama kwenye flashi mpya, nikavifungua kimoja kimoja kuhakikisha. Viko salama. Nililia kidogo, sitawaficha.

hosts: chini ya zile # kuna mistari mingi, kila mmoja unaanza na 127.0.0.1 kisha jina la tovuti ya antivairasi. Nilihesabu hadi sitini nikaacha.

#23 Nyota_Kakamega (Alhamisi, saa 1:10 asubuhi)

Pole dada, na hongera kwa nakala. Namba inayoonekana ukaguzi ukiendelea ni ya kushuku tu, faili zinapimwa tena mwishoni. Cha kuamini ni ripoti, iko C:\Windows\debug\msert.log. Soma majina ya vilivyopatikana, utuwekee hapa.

127.0.0.1 ni kompyuta yako yenyewe. Kabla ya kuuliza mtandaoni tovuti iko wapi, kompyuta husoma kwanza hosts. Ukiitafuta antivairasi, inaambiwa ijitafute humo humo ndani, inakosa. Futa mistari hiyo yote, fungua Notepad kama msimamizi la sivyo itakataa kuhifadhi.

Hapa nakubaliana na Fundi: kampuni haiwezi kufanya hivi. Hii ni kazi ya kirusi.

#24 Fundi_Kondele (Alhamisi, saa 1:35 asubuhi)

Na manenosiri, mama. Badilisha yote ukitumia simu yako, usitumie hiyo kompyuta. Anza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba kubadilisha mengine yote. Kisha kwenye akaunti ya Google nenda sehemu ya vifaa vyako, toa kila kifaa usichokitambua, na hiyo kompyuta pia itoe. Wezi wa siku hizi hawahitaji neno la siri, wanaiba kile kitambulisho kinachohifadhiwa na kivinjari ukishaingia, wanaendelea kana kwamba ni wewe. Kubadilisha neno bila kuvitoa vifaa ni kazi nusu.

PIN ya M-PESA kama hukuiandika popote kwenye kompyuta, iko salama kwenye simu.

#25 Ahero_Kwetu (Alhamisi, saa 6:30 mchana)

Wekeni Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, muachane na haya yote. Na Windows 10 msaada wake ulikwisha 14 Oktoba 2025.

#26 Nyota_Kakamega (Alhamisi, saa 7:02 mchana)

@Ahero_Kwetu si kwa ukali huo. Watu wa nyumbani wanaweza kujiandikisha wapate masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na orodha ya virusi ya Defender kwenye Windows 10 Microsoft wamesema wataendelea kuileta hadi Oktoba 2028. Kompyuta ya mama kama ni ya zamani haitakubali Windows 11 kirasmi, inadai TPM 2.0, kijenzi cha usalama, na kichakataji kipya zaidi. Linux ni wazo zuri, ila si wiki hii ambayo ana mkutano.

#27 Ahero_Kwetu (Alhamisi, saa 7:10 mchana)

Sawa, nimekubali wiki hii. Wiki ijayo narudi.

#28 MamaImani_Lanet (Alhamisi, saa 3:05 usiku)

Nimefuta mistari ya hosts, nimehifadhi nakala ya ile folda ya kanuni kisha nimefuta C:\. Nimezima, nimewasha. Ngao ni ya kijani! Kitufe kimekubali! Nimerudisha intaneti, masasisho yameingia. Ukurasa wa watoa kinga unaonyesha Defender peke yake.

Mwanangu alitaka kushangilia nikamwambia bado.

#29 Fundi_Kondele (Alhamisi, saa 3:20 usiku)

Vizuri. Sasa ijaribu. Kuna faili ya majaribio ya EICAR, ni maandishi ya herufi 68 tu, haina madhara, kampuni za antivairasi zimekubaliana ziikamate kama kirusi. Ipakue kwenye tovuti ya EICAR. Defender ikiirukia, iko macho. Ikinyamaza, ngao ni rangi tu. Kisha zima, chomoa ukutani, washa tena, uangalie Exclusions.

#30 MamaImani_Lanet (Ijumaa, saa 1:15 asubuhi)

EICAR ilikamatwa hata kabla haijamaliza kushuka. Nikafurahi. Nikazima, nikawasha. Dirisha jeusi likachomoza. Nimeangalia, C:\ imerudi.

#31 DadaWaDunga (Ijumaa, saa 1:22 asubuhi)

Nilisema #15.

#32 Fundi_Kondele (Ijumaa, saa 1:50 asubuhi)

Ulisema, dada. Mama Imani, hilo dirisha jeusi ndilo linaloandika. Fungua Task Scheduler, ratiba ya kazi zinazojiendesha za Windows, bofya maktaba yake, tafuta kazi inayojiendesha ukiingia kwenye akaunti na ambayo kitendo chake kinaita powershell au reg, programu zinazoweza kuandika kwenye rejista. Usiifute kwanza. Tupe jina, kitendo, na tarehe iliyoundwa.

#33 MamaImani_Lanet (Ijumaa, saa 2:40 usiku)

Nimeipata. Ina jina kama la masasisho ya kawaida, ningeipita. Kitendo kinaita reg na ndani yake nimesoma kwa macho yangu maneno Exclusions na C:\.

Tarehe iliyoundwa ni 19 Machi mwaka jana. Mchezo ulipakuliwa Desemba, folda yake bado ipo na tarehe yake ni ya Desemba.

Mwezi wa tatu ndipo fundi mmoja wa hapa mjini aliniwekea Office. Nakumbuka nimeketi pembeni yake. Alizima antivairasi kwanza, akaniambia ni kawaida, vinginevyo haikubali. Nikamlipa 1,500 na nikamshukuru.

#34 Mtoto_wa_Njoro (Ijumaa, saa 2:48 usiku)

Mama, nilikosea kuhusu mchezo. Hiyo Office ya kuvunjwa ndiyo. Kila kifungulio kinachokuambia uzime kinga kwanza kinajua kwa nini kinakuambia hivyo. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilionyesha KMSPico (kifungulio cha Windows na Office zisizolipiwa) ya bandia iliyobeba Cryptbot, mwizi wa manenosiri na pochi za sarafu za kidijitali.

#35 Nyota_Kakamega (Ijumaa, saa 3:05 usiku)

Taratibu. Tarehe ya kazi kwenye Task Scheduler huandikwa na aliyeiunda, anaweza kuandika yoyote. Na virusi vingi hunakili tarehe za faili za zamani ili visionekane vigeni. Machi si uthibitisho.

#36 MzeeWaSaiba_Mumias (Ijumaa, saa 3:12 usiku)

Na saa yake huchelewa stima ikikatika, amesema mwenyewe #10. Betri! Tarehe ya mashine hiyo mimi siiamini.

#37 Fundi_Kondele (Ijumaa, saa 3:30 usiku)

Mzee, betri ikifa inaturudisha kwenye tarehe ya kiwandani, si kwenye Machi ya mwaka jana. Nyota, hoja yako naikubali. Lakini kirusi kingechagua kwa bahati mwezi ule ule wa Office? Mimi nasema Office, na huenda mchezo uliongeza mchimbaji juu yake. Wageni wawili nyumba moja. Majina ya kwenye msert.log yangetusaidia, mama, hujayaleta.

#38 MwalimuBungoma (Ijumaa, saa 3:41 usiku)

Au ilikuja nayo kutoka kwa muuzaji, na Machi ndipo ilipopata intaneti kwa mara ya kwanza. Ulianza lini kutumia intaneti kwenye hiyo mashine?

#39 MamaImani_Lanet (Ijumaa, saa 4:00 usiku)

Mwalimu, intaneti ya nyumbani tuliiunganisha mwezi wa tatu. Wiki gani sikumbuki, nitatafuta risiti.

Nimefuta ile kazi, nimefuta C:\ tena, nimezima na kuwasha mara tatu. Haijarudi. Feni imetulia, Task Manager ikiwa wazi au imefungwa. Hata hivyo Dada wa Dunga amenishinda: Jumapili nasoma hesabu kwenye laptopu ya katibu kutoka flashi mpya, Jumatatu mashine inafutwa yote. msert.log nitaitoa kabla ya hapo.

Nimekwenda chumbani kwa kijana nikamwambia nilimlaumu kabla ya kujua. Akaniuliza kama bado ni yeye au si yeye. Nimemwambia watu wa Kisumu, Kakamega na Mumias bado hawajakubaliana. Amekuja ameketi nami, ndiye anayenisomea majina kwenye ripoti sasa hivi. La kwanza linaanza na Trojan:Win32, subirini niandike lote.

#40 Fundi_Kondele (Ijumaa, saa 4:04 usiku)

Tunasubiri. Andika na njia ya folda ilikopatikana, hiyo ndiyo itakayosema kama ni ya Office au ya mchezo.

#41 Nyota_Kakamega (Ijumaa, saa 4:06 usiku)

Au si ya yoyote kati ya hizo.